Bata wa uani kwetu: daftari la hesabu ya jioni

Februari, wiki ya kwanza

Bata wamefika. Dume mmoja na majike wawili, nimewanunua kwa mama mmoja wa Masese anayeanika mukene, yaani dagaa, karibu na ziwa. Mume wangu aliwaleta kwa boda boda ndani ya gunia alilolitoboa matundu matatu, kila kichwa na tundu lake. Watoto walimpokea mtaani wakakimbia naye mpaka mlangoni.

Tunakaa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, katika zile nyumba za zamani. Uani kuna mwembe mmoja, kamba ya nguo na tuta la sukuma wiki na dodo, yaani mchicha. Kuku nilifuga, na kideri kikawamaliza wote ndani ya wiki moja. Banda likabaki tupu miaka mitatu kwa sababu sikuwa na moyo wa kuanza tena. Bata nao huambukizwa kideri, ila mara nyingi hawaugui, na hilo ndilo lililonipa nguvu ya kujaribu.

Ni hawa wenye uso mwekundu wa vinundu. Tunawaita wa kienyeji, ingawa asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Hawapigi kelele kama bata wengine. Dume akikasirika hutoa pumzi nzito kama tairi la baiskeli linaloishiwa upepo. Kitinda mimba wangu, miaka sita, alimsikia mara ya kwanza akarudi nyuma: "Mama, ametoboka?"

Dume wamempa jina Sajini, kwa heshima ya babu yao aliyekuwa jeshini. Jike mweusi ni Kaniki. Mweupe mwenye doa la kijivu kichwani ni Shela. Kifungua mimba amechukua daftari la shule lililobaki kurasa, akapiga mistari, akasema kila jioni kabla ya kufunga banda tutahesabu na yeye ataandika.

Jioni ya kwanza: 3.

Februari, wiki ya pili

Shela amepanda juu ya mabati. Bata hawa wanaruka kwelikweli. Tumemshusha kwa mti mrefu, halafu mume wangu akamshika nami nikakata manyoya marefu ya bawa moja tu. Ukikata mabawa yote mawili bado ataruka kwa usawa, ukikata moja anapoteza mizani. Unyoya uliokomaa hauna damu ndani, haumuumizi, ni kama kukata kucha. Lakini mkono wangu ulitetemeka, nami ni fundi cherehani, mkasi nimeushika maisha yangu yote.

Machi

Kaniki alianza kutaga nyuma ya pipa la maji. Sikumgusa. Mayai yalipofika 14 alijinyofoa manyoya ya kifua, akayatandika, akaketi. Mama mkwe wangu akachukua mkaa akachora mstari wa kwanza ukutani jikoni. Kuku huatamia siku 21, bata wengi 28, hawa wetu 35. Mistari 35 ni mingi sana kwa mtoto wa miaka sita. Kila asubuhi alikuwa akiuliza kama leo hatuwezi kuchora miwili.

Siku ya nane usiku tuliyapima mayai kwa mwanga. Kifungua mimba alishika simu yenye tochi, nami nikakunja boksi la sabuni likawa bomba, nikaliweka juu ya taa, yai juu ya bomba. Chumba kizima giza. La kwanza lilikuwa jekundu ndani, na katikati doa dogo jeusi lililokuwa na mishipa pande zote, myembamba kuliko uzi ninaoshonea. Doa lile likasogea. Hakuna aliyesema kitu. Hata mama mkwe, ambaye ameona mayai ya kuku maisha yake yote, aliinama akaangalia muda mrefu, akasema polepole, "Subhanallah." Mayai mawili yalikuwa meupe tupu, tukayatoa. Yakabaki 12.

Mara moja kwa siku Kaniki hutoka, anakula kwa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni, anaoga kwenye karai, anarudi amelowa kwenye mayai. Nilitaka kumkausha. Mama mkwe akanizuia, akasema maji yale ndiyo dawa ya mayai. Ni kweli, unyevu ule unahitajika, gamba na ngozi ya ndani visikauke kifaranga akashindwa kutoka.

Aprili, mwisho

Siku ya 34 niliweka yai sikioni nikasikia linagonga.

Wametoka 11. Yai moja lilikuwa viza. Vifaranga wa manjano wenye madoa meusi, midomo mipana, miguu mikubwa kuliko mwili. Mume wangu alirudi kazini akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakuvua hata koti la mvua. Watoto walikataa kwenda kulala. Jioni hiyo kifungua mimba aliandika kwa kalamu nyekundu: 14. Kwangu mimi ndiyo siku bora kuliko zote tangu tuhamie nyumba hii, na nimeiandika hapa ili nisije nikaisahau.

Mei

Sasa niandike na yale mengine.

Wa kwanza alikufa kwenye maji. Watu wanadhani kifaranga wa bata hawezi kufa maji, nami nilidhani hivyo. Kumbe manyoya yake ya utotoni hayajawa na mafuta ya kutosha, huyapata kwa kujisugua tumboni kwa mama yake, na akikaa majini muda mrefu analowa, anapoa, anazama. Karai letu lilikuwa refu na kingo laini. Waliingia wote, wakatoka kumi. Tangu siku ile karai lina mawe yaliyopangwa kama ngazi, na maji hayazidi kina cha kidole. Daftari: 13.

Halafu kenge. Nyuma ya mtaa kuna bonde la mafunjo linaloelekea ziwani, na mvua zikizidi kenge hupanda kutafuta chakula. Nilikuwa naanua nguo. Nikamwona Sajini amesimama, kishungi kimesimama, mdomo wazi, anapuma. Mbele yake kenge urefu wa mkono wangu wote na zaidi, na kifaranga ameshapita kooni, nikaona tu mguu mmoja. Sajini alimrukia kwa makucha. Nilitupa beseni la nguo nikaokota jiwe. Kenge alikimbilia kwenye tundu la ua, na tulipohesabu walikuwa wamepungua wawili, sio mmoja. Yule mwingine hatukujua alichukuliwa saa ngapi. Mume wangu aliziba chini ya ua kwa mabati ya zamani, akayafukia shubiri moja ardhini. Sajini alichubuka shingo, tukampaka dawa ya jeraha. Daftari: 11.

Kisha hili la tatu, ambalo ni langu mwenyewe. Stoo ilivuja kwenye mvua na gunia la pumba za mahindi likaloa upande mmoja. Niliona rangi ya kijani kibichi pembeni, nikaichota nikaitupa, iliyobaki nikaianika juani nikaona imekauka, nikawapa. Siku ya pili vifaranga wawili hawakula. Siku ya tatu walikuwa wakitembea kama walevi, wanaanguka ubavu, shingo zinapinda kurudi nyuma mpaka kichwa kinagusa mgongo. Niliwaweka kwenye boksi karibu na jiko, nikawapa maji kwa kijiko. Walikufa watano kwa siku tatu.

Daktari wa mifugo alinusa pumba hizo mara moja tu akazifunga gunia. Ni sumu ya ukungu, aflatoksini. Jua halikuiondoa, kukauka hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Na kati ya wanyama wa nyumbani, kifaranga wa bata ni miongoni mwa wale inaowaua upesi zaidi. Alituambia kwamba sumu hii ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha mashudu ya karanga, na kwamba kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliipima sumu hiyo kwa kuwalisha vifaranga wa bata wa siku moja, kwa sababu hakuna haja ya kusubiri sana. Nililisikiliza hilo nikiwa nimeshika boksi lenye vifaranga wawili waliokufa.

Tumewazika chini ya mwembe. Kifungua mimba hakunilaumu. Aliandika 6, akafunga daftari, akaja akakaa karibu nami kwenye cherehani bila kusema kitu mpaka adhana ya isha.

Pumba sasa nanunua kidogo kidogo, kilo chache, nazivunja kwa mkono na kuzinusa mbele ya muuzaji. Zikiwa na harufu ya godoro lililoloa naziacha. Gunia linakaa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Juni

Kuku wa jirani wamekufa, karibu wote. Kinyesi cha kijani, shingo imepinda, kideri dhahiri. Asubuhi aliniita uani: "Dada, ni hao bata wako. Wao hawafi, kazi yao kuleta tu." Akakumbusha na ile Januari 2017, mafua ya ndege yalipoonekana Lutembe karibu na Entebbe kwa ndege wa porini, kisha kwa bata na kuku wa Masaka, na watu wakaogopa hata kushika yai.

Sikuweza kumwapia kwamba si wao. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri akiwa mzima kabisa, na wetu walikuwa wakinywa maji kwenye mtaro mmoja na kuku wake. Iliniuma, maana huyu ndiye aliyenishikia watoto nilipolazwa. Nilimpelekea mayai sita ya Shela na nikamwomba radhi kwa lile la mtaro. Tumekubaliana wangu wabaki ndani ya ua. Na alipoleta kuku wapya tulinunua chanjo pamoja, ya tone moja jichoni. Chupa moja inatosha mamia ya kuku, kwa hiyo tulipita nyumba kwa nyumba mstari mzima, mimi nikishika kuku na yeye akidondosha. Tulimaliza saa sita mchana, tukanywa chai kwake.

Julai na Agosti

Shela ametotoa 8 kwa mayai 10. Daftari: 14 tena, na safari hii hakuna aliyeandika kwa kalamu nyekundu.

Mmoja alianza kuchechemea akiwa na wiki mbili, magoti yamevimba, anakaa badala ya kutembea. Nilijua nimeua tena. Kumbe alikosa naiasini, vitamini ambayo vifaranga wa bata wanaihitaji zaidi kuliko wa kuku. Nilikuwa nawapa chakula cha vifaranga wa kuku na pumba. Daktari alitupa vitamini za kuchanganya na maji, na mume wangu akawa analeta mukene, tunausaga mpaka unakuwa unga. Siku ya tisa alisimama. Kitinda mimba alimbeba kila siku kwenda kwenye jua na kumrudisha, akimhesabia hatua: mbili, nne, saba. Huyu tunamwita Hatua.

Mwewe alichukua mmoja mwanzoni mwa Agosti, mchana kweupe, mbele yetu. 13.

Tuta la dodo limekuwa msitu. Maji ya karai yenye kinyesi tunamwagia pale kila jioni, na konokono waliokuwa wakitafuna majani hawapo tena, bata wamewala.

Septemba

Waliosalia kwenye uzao wa Kaniki ni watatu, na wawili kati yao ni madume. Madume watatu kwa majike wachache hawakai. Walimkandamiza Shela kwenye karai mpaka nyoya za kisogo zikatoka. Mume wangu alisema mmoja lazima achinjwe, na kaka yake alikuwa anakuja kutoka Arua. Niliafiki. Watoto waliambiwa usiku uliotangulia, hatukutaka wamkose asubuhi bila kujua.

Kifungua mimba aliomba amlishe yeye chakula cha mwisho. Mume wangu akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi, kisu kikali, mara moja. Nilimpika muda mrefu kwa tangawizi na nyanya, nyama yake ni nyekundu na ngumu kidogo, mafuta yake yana harufu nzuri. Shemeji alisifu. Kitinda mimba alikula na wali wake. Kifungua mimba alikula wali mtupu, na hakuna aliyemlazimisha. Kwenye daftari aliandika 12 na pembeni, kwa herufi ndogo: tulimla sisi.

Novemba

Mwezi uliopita tumeuza watano, wote wakubwa. Fedha imelipa karo iliyobaki ya muhula na debe la rangi ya banda. Hatua hauzwi, hilo lilipigiwa kura kabla sijauliza.

Kaniki ameketi tena, pale pale nyuma ya pipa. Jana usiku tuliyapima mayai yake. Simu mpya ina tochi kali zaidi, boksi ni lile lile la sabuni. Safari hii kitinda mimba ndiye aliyeshika yai, kwa viganja vyote viwili, na aliambiwa mara tatu asilitikise. Mayai 13, yenye uhai 12. Mama mkwe amechora mstari wa tisa chini ya ile ya Machi, ambayo amekataa tuifute.

Jioni hii: 7. Na chini, kwa penseli: Kaniki 12, bado.