Beji ya Popeye kutoka kwenye koti la mtumba: ninavyoikagua, kuisafisha na kuitunza hapa Mwanza

Makoti ya jinzi ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja huja mara nyingine na beji zikiwa bado zimechomekwa kolani. Nikikuta ya Popeye, yule baharia wa katuni, nageuza kola kwanza nione mgongo wake. Sura ya baharia yule, jicho moja limefumbwa, kiko mdomoni na chale ya nanga mkononi, inachorwa karibu vilevile tangu mchoraji E. C. Segar alipomleta gazetini Januari 1929. Hata shati si kigezo. Wengi huamini shati jeusi maana yake beji ni kuukuu, kwa kuwa katuni za sinema zilimvika sare nyeupe ya jeshi la majini kuanzia 1941, lakini viwanda vya leo hutoa zote mbili.

Mgongoni natafuta alama ya hakimiliki ya King Features, kampuni ya katuni za Popeye. Mwaka ulioandikwa hapo ni wa hakimiliki, si lazima uwe wa kutengenezwa. Kisha navua kizibo kinachoshika sindano nyuma (vingine vina chuma ndani, vitakudanganya) na kusogeza sumaku ya spika mbovu. Ikinata, beji ni ya chuma au bati na kutu itakuwa adui wake mkubwa. Isiponata, huenda ni shaba au zinki. Beji za bati zilizochapwa rangi, kama zile zilizotoka ndani ya maboksi ya nafaka ya Kellogg's PEP miaka ya 1945 hadi 1947, hazina enameli, ile rangi inayojazwa kwenye mabonde ya chuma, hata kidogo. Hizo usizisugue.

Kwenye enameli napitisha ukucha. Ukikwama kwenye kingo za chuma, ni enameli laini, na uchafu umejificha mabondeni. Ukiteleza, ni enameli ngumu iliyosuguliwa ikalingana na chuma. Zote nasafisha kwa mswaki laini wa mtoto, maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo. Siloweki, kwa sababu maji hupenya chini ya rangi iliyochapwa juu, macho na kiko vikabanduka. Nakausha kwa fulana kuukuu, halafu inakaa kivulini hadi kesho yake. Juani hapana: nyekundu ndiyo hutangulia kupauka.

Kutu ya kijani kwenye mguu wa sindano naitia tone la mafuta ya cherehani, naiacha usiku mmoja, asubuhi naikwangua kwa kijiti cha meno. Ndimu na siki hung'arisha kweli, ila zinakula ule mchovyo wa dhahabu au nikeli, na wiki chache baadaye beji inakuwa na madoa mabaya kuliko mwanzo. Dawa ya meno na majivu huacha mikwaruzo.

Mguu ukivunjika, usimpelekee fundi redio alehemu. Moto wake huunguza rangi upande wa pili kabla risasi haijashika. Nachukua pini ya ubao yenye kichwa bapa, najaribu kizibo juu yake kwanza (mguu mwembamba hukiacha kiteleze), nakwaruza kichwa na mgongo wa beji kwa msasa namba 240, nafuta kwa spiriti, kisha napaka gundi ya mirija miwili, nusu kwa nusu. Nabana kwa selotepu ya karatasi saa 24. Supaglu ni ya haraka, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe usoni mwa Popeye. Beji ikizidi sentimita 3 naweka miguu miwili, la sivyo itazunguka na baharia atasimama kichwa chini.

Kuhifadhi, sisi wa ziwani tuna nafuu kidogo: Victoria ni maji baridi, hakuna upepo wa chumvi kama wa Dar es Salaam. Kinachoharibu ni jasho la mikono na unyevu wa masika. Nachomeka beji kwenye kitambaa cha pamba ndani ya kopo la plastiki gumu lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko ya plastiki laini inayonuka naiepuka; hunata kwenye rangi na kuamsha kutu ya kijani.

Ya kuvaa kwenye daladala naifunga kwa kizibo cha mpira, na nakibadilisha mara tu kinapoanza kulegea.