Waridi la Naivasha madukani Leeds

Siku ya Mama ya Waingereza, ambayo mara nyingi huangukia Machi, ikishakaribia tu, kazini hapa Leeds, Uingereza, najua nitaulizwa: "Wewe si Mkenya? Hivi haya mawaridi yenu yanayopanda ndege hayaharibu hali ya hewa?" Mwenzangu mmoja ameacha kabisa kununua maua yenye lebo ya Kenya. Ananunua ya Uholanzi, eti kwa sababu ni majirani.

Ujirani huo hauna maana wakati wa baridi. Waridi linataka joto na mwanga, na Uholanzi ya Januari haina hata kimoja. Mkulima wa kule huchoma gesi kupasha joto nyumba za vioo na kuwasha taa wakati jua limegoma. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield, hapa hapa Uingereza, kilipiga hesabu ya mashina 12,000 ya mawaridi. Ya Kenya, ndege ikiwa ndani ya hesabu, yalitoa takriban kilo 6,000 za hewa ya ukaa. Ya Uholanzi, kilo 35,000. Hesabu hiyo sasa ni ya zamani, na kilimo cha Uholanzi kimebadilika, hasa baada ya bei ya gesi kupaa mwaka 2022. Lakini Naivasha, kule Kenya yanakolimwa mawaridi yetu, bado iko pale pale, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na jua lake halitozwi bili.

Hata hivyo sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Mwenzangu huyo analalamikia ndege. Mimi ninachoogopa ni maji.

Nimekulia Karagita, mtaa uliojaa watu wa kampuni za maua, kando ya Ziwa Naivasha. Maji ya kupikia tulinunua kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni ya punda. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua, mawaridi yalikuwa yananyweshwa tone kwa tone kwa mipira iliyopangwa shinani. Watafiti wa Uholanzi, Mekonnen na Hoekstra, walikadiria mwaka 2012 kwamba shina moja la waridi la bonde hilo hutumia kati ya lita 7 na 13. Shada la mashina kumi na mawili lililowekwa mezani Leeds limekunywa mitungi kadhaa ya kwetu.

Na ziwa lenyewe halitabiriki. Ukame wa 2009 ulilirudisha nyuma hadi watu wakalima mahali ambapo viboko walikuwa wakiogelea. Miaka kumi na kidogo baadaye maji yakapanda hadi yakaingia majumbani mtaa wa Kihoto. Si kila baya ni la kampuni za maua: mbolea na udongo vinashuka na mto Malewa kutoka mashamba madogo ya juu huko, na mafunjo ya ukingoni, ambayo ndiyo kichujio, yamefyekwa na watu wa kila aina. Ila kwenye kupunguza kina cha maji, kampuni kubwa haziwezi kunawa mikono.

Basi kwa nini nisiwaambie watu wasusie? Kwa sababu shangazi yangu alikuwa gredi, mpangaji wa maua kwa urefu, kwenye kampuni ya maua. Siku nzima amesimama mbele ya meza yenye alama za sentimita 40, 50, 60, anapima shina, anapukutisha majani ya chini, anafunga, kisha bunda linaingia chumba baridi. Februari, kabla ya Siku ya Wapendanao, alikuwa harudi nyumbani mapema, wapenzi wa Ulaya walikuwa wanangoja maua yake. Machi 2020, korona ilipofunga masoko ya Ulaya, maua yalimwagwa mashimoni na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Hivyo ndivyo kususia kunavyoonekana ukiwa Karagita.

Mimi mwenyewe nanunua hivi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi baridi kali ya kwanza, natafuta maua ya hapa: dafodili, tulipu, baadaye dalia za shamba ambazo hazikuhitaji hita wala ndege. Kuna mtandao wa wakulima wadogo unaoitwa Flowers from the Farm, ulioanza 2011, na wengi wao wanauza moja kwa moja kwa mteja. Hayadumu sana kwenye chombo, lakini yananukia, jambo ambalo mawaridi ya supamaketi yamesahau. Wakati wa baridi nikitaka waridi, nachukua la Kenya lenye alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki. Kwenye maua, nyongeza ya asilimia 10 ya bei ya kuuzia huenda kwenye mfuko ambao wafanyakazi wenyewe huamua utumike kwa nini, mara nyingi karo za watoto. Haitoshi, mshahara ukiwa mdogo ni mdogo, lakini ni afadhali kuliko ofa ya shada la pauni tatu, ambalo sijui nani alilipwa nini.

Halafu kuna sisi wenyewe, Waafrika Mashariki wa huku, na harusi na misiba yetu. Ile sponji ya kijani tunayochomekea maua kwenye mashada ya mazishi ni plastiki. Haiozi, inasagika na kuwa vumbi linaloingia ardhini na majini. Chama cha kifalme cha bustani, RHS, kiliipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021, na maonyesho hayakufa. Waya wa kuku uliokunjwa ndani ya bakuli la maji unashika maua vilevile. Kamati za harusi, mnanisikia?

Kinachonipa moyo zaidi ni meli. Mawaridi yanaweza kulala usingizi kwenye kontena la baridi, karibu nyuzi sifuri, kutoka Mombasa hadi Rotterdam kwa takriban mwezi mmoja, na uchafuzi wa safari hiyo ni mdogo sana ukilinganisha na ndege. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu tangu mwisho wa 2023 yaliziharibia meli njia ya Suez, zikalazimika kuzunguka kusini mwa Afrika, na waridi halipendi kuchelewa. Hata hivyo mizigo mingine ilifika. Muuza maua wa sokoni kwetu nilimuuliza kama yake yalikuja kwa ndege au kwa meli. Hajui, yeye huyachukua alfajiri kwa mwenye jumla, na lebo inaishia kwenye jina la nchi. Wangeongeza tu neno moja, ndege au meli, ningelipa zaidi kwa furaha.