Penseli ya Pili

Wiki ya tatu imekwisha, na sauti yangu imekwenda nayo.

Nilivuka kutoka Mokowe kuja Lamu nikiwa nimepakata sanduku la filimbi 12, nikilikinga maji ya chumvi kama aliyebeba mwana. Gredi ya nne wako 43. Hesabu hiyo huifanya kila usiku na haibadiliki: filimbi moja kwa karibu watoto wanne, na katikati yao beseni la maji ya moto, mwoshaji ni mimi.

Nilianza na noti ya B, ndiyo rahisi: kidole gumba nyuma, kidole cha shahada mbele, basi. Kutaja tu kidole cha shahada, kijana mmoja akakinyoosha kama yuko kwenye tahiyatu, darasa zima likaangua kicheko. Kisha wakapuliza. Punda nje ya dirisha akaitikia na, wallahi, yeye ndiye aliyeikaribia B kuliko wao.

Binti mmoja hakugusa filimbi. Babake alinijia mlangoni siku ya kwanza, kwa adabu zote: "Mwalimu, aimbe, apige makofi, sina neno. Hicho cha kupuliza nakuomba umwache." Nikamwacha. Nikampa penseli mbili awashikie wenzake mwendo, ta, ta, ti-ti, kama nilivyouchora ubaoni, nikamsahau.

Jumatano nikasikia kitu kwenye ukingo wa meza. Si ta, ta, ti-ti. Penseli moja yaenda zake bila wasiwasi, ya pili yaichokoza, yaingia pale usipoitarajia. Wasichana wa nyuma wakaidaka kwa viganja. Filimbi zikanyamaza zenyewe.

"Ni nini hiyo?"

"Vugo, Ticha." Kwa sauti ya kunihurumia.

Zile pembe wanawake wanazogonga kwa vijiti harusini! Nimekulia Malindi, nimezisikia, lakini kwa mbali, kama mwanamume anavyosikia mambo ya uani. Hawa wamelala migongoni mwa mama zao zikilia.

Nikajaribu kuiandika ubaoni. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Binti akanitazama mpaka kengele ikalia.

"Wahesabu mno, Ticha."

Leo jioni nimekaa uwanja wa Mkunguni na penseli mbili, nagonga ukingo wa baraza. Mzee aliyekuwa akinywa kahawa kando yangu akasikiliza, akacheka.

"Mwalimu, hiyo ni ya wake hiyo."

Nikamwambia najua, na bado ile ya pili yanishinda.