Rangi ya Mkate Isikudanganye: Niliyojifunza Nikiwa Ughaibuni

Katika miezi yangu ya kwanza ughaibuni, kabla sijaimudu lugha ya wenyeji, nilichagua mkate kwa macho tu. Niliona mkate wa rangi ya kahawia, wenye picha ya masuke ya ngano kwenye mfuko, nikaamini kwamba huo ndio unaoufaa mwili, nikaendelea kuununua kwa karibu mwaka mzima. Nilipoweza hatimaye kusoma orodha ya viambato iliyo nyuma ya mfuko, niligundua kwamba kiambato cha kwanza kilikuwa unga mweupe wa ngano iliyokobolewa, na kwamba rangi ile ilitokana na kimea na sukari iliyounguzwa. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nikiula kwa nia ya dhati ya kulinda afya yangu.

Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba la nje, kiini kinachochipua, na sehemu ya ndani yenye wanga, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ngano inapokobolewa, pumba na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, vitamini E, madini ya chuma, zinki na magnesiamu. Nchi nyingi huwataka wenye viwanda warudishe madini ya chuma na baadhi ya vitamini katika unga mweupe, lakini nyuzinyuzi hazirudishwi, nazo ndizo zinazosaidia choo, hushibisha kwa muda mrefu na kulisha bakteria wema wa utumbo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Kwa mgeni ambaye bado anajifunza lugha, tarakimu ni msaada mkubwa kuliko maneno. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo neno la kwanza la kujifunza ni lile la unga wa ngano isiyokobolewa, nalo linapaswa kutangulia orodha. Kisha tazama nyuzinyuzi: katika nchi za Umoja wa Ulaya, chakula hakiruhusiwi kuitwa chenye nyuzinyuzi nyingi kama hakina angalau gramu 6 katika kila gramu 100, au gramu 3 katika kila kilokalori 100. Mimi hugawanya pia kiasi cha wanga kwa kiasi cha nyuzinyuzi, na jibu likizidi 10 naurudisha mkate mahali pake. Wenye wanga gramu 42 na nyuzinyuzi gramu 7 unapita. Wenye wanga gramu 49 na nyuzinyuzi gramu 2.5 haupiti, hata kama umepambwa kwa mbegu juu na kuitwa mkate wa nafaka nyingi.

Hata hivyo, unga wa ngano nzima uliosagwa laini sana huweza kupandisha sukari ya damu karibu sawa na mkate mweupe. Anayeishi na kisukari afikirie zaidi mkate mzito wenye punje nzima zinazoonekana, au ule wa rai (rye), nafaka iliyo jamaa ya ngano. Mkate uliochachushwa polepole kwa chachu ya asili nao ni mzuri, kwa kuwa asidi inayotokea hupunguza kasi ya wanga kumeng'enywa, na mchachuko huo huurahisishia mwili kupata madini ya chuma na zinki. Ukiona hamira na siki katika orodha, yaelekea uchachu huo umeongezwa tu.

Chumvi ndiyo tunayoisahau, pengine kwa sababu mkate hauna ladha ya chumvi. Mkate wenye gramu 1 ya chumvi katika gramu 100 ni wa kawaida, na slesi nne za gramu 40 kila moja hukupa gramu 1.6, karibu theluthi moja ya kikomo cha gramu 5 kwa siku. Pale ambapo lebo hutaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5.

Mkate ninaokula sasa una viambato vinne: unga wa ngano nzima, maji, chachu na chumvi kidogo. Kwa kuwa hauna dawa ya kuzuia ukungu, huukata slesi siku hiyo hiyo na kuuweka kwenye friza, kisha kila asubuhi hutoa slesi mbili na kuzipasha moto zikiwa bado zimeganda.