Makala zangu za viazi zilivyofika ukurasa wa kwanza wa Google

Miezi minane ya kwanza wasomaji wangu tulikuwa watatu: mimi, dada yangu aliyeolewa Iringa, na rafiki mmoja niliyekuwa namtumia linki WhatsApp mpaka akawa ananijibu kwa kidole gumba tu. Nilikuwa nimeshaandika makala ishirini na kitu kuhusu kilimo cha viazi, usiku, nyumbani Uyole, miguu ndani ya blanketi maana baridi ya Julai huku kwetu haina utani. Na si kwamba nilikuwa naandika nisichokijua. Nimekulia kwenye viazi, nimeuza viazi mbegu misimu minne. Lakini ukiandika "kilimo cha viazi" kwenye Google, mimi simo. Ukurasa wa kwanza simo, wa tano simo, wa kumi nikazima simu nikalala.

Nilidhani nimezidiwa na wakubwa. Mpaka siku moja mtu kwenye kundi letu la wakulima akaniambia nijaribu kitu: andika site, weka nukta mbili, halafu anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, Google itakuonyesha kurasa zako inazozijua. Nikaandika. Hakuna hata moja. Yaani sikuwa wa mwisho darasani. Nilikuwa sijaandikishwa shule.

Kijana aliyenijengea tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, alikuwa ameweka tiki kwenye mpangilio unaoziomba injini za utafutaji zisiiandikishe tovuti. Mafundi wengi hufanya hivyo ili Google isiione nyumba kabla haijapauliwa. Kazi ilipoisha akachukua hela yake iliyobaki, tiki ikabaki. Tiki ile huweka kwenye kila ukurasa amri fupi ambayo msomaji haioni, noindex, na Google huitii. Miezi minane nimefunga mlango kwa ndani halafu nalalamika wageni hawaji! Kuitoa kulichukua sekunde tatu. Kijana wa watu simlaumu sana, maana ukurasa ule wa mipangilio nami sikuwahi kuufungua hata siku moja.

Baada ya hapo nikajiunga na Search Console, ambayo Google wanaitoa bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, unawapa ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako, na kuna sehemu ya kukagua anwani moja moja na kuomba roboti yao, yaani programu inayosoma kurasa, ipite. Kuomba si kupewa. Makala nyingine ziliingia baada ya siku nne, nyingine wiki tatu, na mbili mpaka leo zimeachwa nje. Nikizisoma upya naona Google haijakosea. Moja ni aya tano za kumsifia kiazi.

Sasa nilikuwa nimeandikishwa, lakini watu bado hawaji. Kilichonifumbua macho ni ile sehemu ya utendaji humohumo Search Console. Inakuonyesha maneno yenyewe ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea mbele yao, umetokea mara ngapi, wamebofya mara ngapi, na kwa wastani ulikuwa nafasi ya ngapi. Nilikaa nayo jioni nzima hadi chai ikapoa. Watu walikuwa wameandika "viazi vinanyauka". "Dawa ya viazi kunyauka". "Kwanini viazi vinakauka vikiwa kijani". Na mmoja, Mungu ambariki, "viazi vyangu vinakufa nifanyeje". Makala iliyokuwa ikitokea kwa maswali hayo, huko nafasi ya hamsini na kitu, ilikuwa na kichwa hiki: "Mbinu Shirikishi za Udhibiti wa Magonjwa Katika Uzalishaji wa Viazi Mviringo".

Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeandika kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Mkulima aliyekuta shamba limelala asubuhi hatoi simu mfukoni akaandika "udhibiti". Na hilo neno kunyauka, ambalo ndilo liko midomoni mwa kila mtu, kwenye makala yangu lilikuwa halijitokezi hadi aya ya sita.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la Tukuyu nikashuka Isyonje kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na simu tu, jembe liko wapi?"

Nilimwomba anieleze shida ya shamba lake kama anavyomweleza jirani. Akasema: "Vilikuwa vizuri kabisa. Juzi mchana nikaona shina moja limelegea kama limekosa maji, na mvua imenyesha. Jioni likaamka. Jana likalala tena, likaamka. Leo ndiyo limelala moja kwa moja." Nikayaandika maneno yale vilevile, kwenye karatasi ya risiti. Katika maisha yangu yote ya kuandika sijapata aya nzuri kuliko ile, na si yangu.

Tukakata shina lililonyauka karibu na udongo, nikamwomba bilauri ya maji safi, tukaliloweka ncha tu huku nimelishikilia lisitikisike. Hazikupita dakika nyingi uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye ule mkato, mwembamba, kama maziwa yanayotiririka ndani ya maji. Huo ndio mnyauko bakteria. Ukungu haufanyi hivyo. Nilipiga picha kama arobaini, mjomba ananitazama kama nimerukwa na akili.

Niliporudi nilifumua makala yote. Kichwa kipya: "Viazi vinanyauka vikiwa bado kijani: jinsi ya kujua kama ni mnyauko bakteria". Aya ya kwanza ya zamani ilikuwa inaanza na "viazi ni zao muhimu la chakula na biashara katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini". Nikaifuta. Anayejua hilo zaidi ya wote ni huyo mwenye viazi vinavyokufa. Nikaanza na jibu: fanya jaribio la bilauri, ukiona uzi mweupe, hakuna dawa ya kupulizia itakayoponya shina hilo, ling'oe pamoja na udongo wake ulitoe shambani, eneo hilo usirudishe viazi wala nyanya wala bilinganya, weka mahindi au nafaka nyingine kwa misimu kadhaa, na msimu ujao usitoe mbegu kwenye shamba hilo, maana ugonjwa husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Ndipo nikaeleza tofauti yake na ukungu, ule wa mabaka meusi kwenye majani na utando mweupe upande wa chini asubuhi za baridi na unyevu, ambao huo dawa zipo. Watu wengi hununua dawa ya ukungu wakapulizia mnyauko, hela ikaenda na viazi vikaenda.

Hapo kulikuwa na jambo lililonisumbua. Wengi walikuwa wanatafuta "dawa", na mimi jibu langu ni kwamba dawa hakuna. Niliogopa watafungua na kuondoka. Mwisho nikaweka kichwa kidogo ndani ya makala, "Je, kuna dawa ya mnyauko wa viazi?", na chini yake sentensi ya kwanza: Hapana. Hicho ndicho kipande ambacho Google hupenda kukionyesha chini ya kichwa cha makala yangu, ingawa mimi nilikuwa nimeandika maelezo mengine mazuri tu ya kuonyeshwa pale. Maelezo unayoandika mwenyewe wao huyachukulia kama ushauri.

Anwani ya ukurasa sikuigusa. Nilikuwa nimeshaungua kwenye makala nyingine: nilibadilisha anwani ili iwe nzuri, bila kuelekeza ile ya zamani iende kwenye mpya, na kila aliyekuwa na linki ya zamani akawa anakutana na ukurasa usiokuwepo.

Halafu yakaja majina. Huku ukisema viazi inatosha, kila mtu anaelewa. Pwani utasikia mbatata, kuna wanaosema viazi ulaya, na vitabu vya kilimo vinasema viazi mviringo. Niliyaweka yote katika sentensi moja mwanzoni, mara moja tu, basi. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu njia ya mkato: toleo moja lilikuwa na "viazi vinanyauka" mara thelathini na moja. Dada akanipigia toka Iringa kuuliza kama nimegeuka kasuku. Kuna mwingine alinishauri nijaze maneno arobaini kwenye kile kisanduku cha maneno muhimu kinachojificha kwenye msimbo (code) wa ukurasa, wakati Google wenyewe walishatangaza tangu 2009 kwamba hawakitumii kupanga matokeo.

Wiki tatu za kwanza kimya. Search Console huchelewa siku mbili hivi kuonyesha takwimu, nami nilikuwa naifungua kila asubuhi kama anayekagua mtego wa panya. Mwezi wa pili makala ikatoka hamsini na kitu ikaja kumi na nne. Ikakwama hapo.

Aliyenikwamua ni mjomba tena, bila kujua. Nilimtumia linki aone shamba lake. Akanipigia: "Mwanangu, kimefunguka kitu cheupe, nimesubiri, halafu bando limeisha." Nikaenda kuangalia. Picha sita, kila moja imetoka kwenye simu vilevile ilivyo, zaidi ya megabaiti nne. Nilikuwa nimemtumia mzee wa watu megabaiti ishirini na tano ili asome kuhusu viazi vyake mwenyewe. Na Google kwa miaka sasa huandikisha tovuti kwa kutazama inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta. PageSpeed Insights, chombo kingine chao cha bure, kilinionyesha nyekundu tupu. Wanataka kile kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, cha kwangu kilikuwa kinasubiriwa kama basi la usiku. Nikapunguza upana wa picha, nikazihifadhi kwa muundo wa WebP, zikawa chini ya kilobaiti mia moja kila moja, na jicho halioni tofauti. Majina ya mafaili nayo yalikuwa namba tupu za kamera. Nikayabadilisha, na kila picha nikaiandikia maelezo mafupi ya kile kilichomo: shina la kiazi ndani ya bilauri likitoa uzi mweupe.

Picha ile ya bilauri sasa huleta watu wake yenyewe kupitia utafutaji wa picha. Mkwe wake mjomba alimwonyesha kwenye simu. Mzee hakuuliza habari ya tovuti, aliuliza ni lini nitairudisha bilauri yake, maana siku ile niliondoka nayo.

Kuhusu linki nitasema kwa kifupi kwa sababu bado inaniuma. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi una uzito, kama mtu anayetajwa kwa wema na majirani. Hilo bado lipo, kwa hiyo wapo wanaouza majirani. Jamaa mmoja mjini alichukua shilingi elfu themanini zangu aniletee linki mia tano. Zilikuja, kutoka tovuti za kamari na za lugha nisizozijua hata kwa sura. Kununua linki ili upande ni kinyume cha sera za Google, na tangu 2012 walianza kuzishughulikia kwa ukali. Hazikunipandisha hata nafasi moja. Kilichonisaidia ni kazi ya jioni moja: kufungua kila makala yangu ya zamani na kuweka linki ya kwenda kwenye ile ya mnyauko pale inapohusika, hasa zile za kuchagua mbegu. Na afisa ugani mmoja aliyeipenda picha akaiweka kwenye tovuti ya kikundi cha wakulima anachokisaidia, bila kuniomba hata soda. Mwezi wa nne makala ikaingia ukurasa wa kwanza kwa "viazi vinanyauka", na tangu hapo inacheza kati ya nafasi ya tatu na ya saba.

Kuna swali moja ambalo limenishinda: "bei ya viazi mbeya leo". Linanitokea mara nyingi kuliko maneno mengine yote, na karibu hakuna anayenibofya. Nilikuwa na makala ya bei, lakini bei zake zilikuwa za Machi. Nikafanya ujanja wa kubadilisha tarehe na kuacha bei zilezile. Mtu akanipigia kutoka Tunduma, ameshalipia gari kwa kuamini ukurasa wangu. Alichoniambia sikiandiki hapa, na nilistahili.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu niko Soko la Soweto kabla ya saa moja asubuhi. Ugumu si kuamka. Ugumu ni kwamba ukiuliza bei ya gunia, lazima kwanza ujue gunia gani: la kilo mia moja kama sheria ya vipimo inavyotaka, au lumbesa iliyobebeshwa kilemba hadi kamba zinalia. Bei mbili tofauti, na anayetafuta Google ameandika "gunia" tu, kwa hiyo naandika zote mbili na kueleza. Wafanyabiashara wameshanizoea. Mama mmoja wa upande wa magari, kila akiniona na kidaftari, hunitangulia: "Leo unanunua au unaandika?" Ukijibu unaandika, bei haisemwi. Jumatatu iliyopita nilinunua debe.