Kemo si dawa moja: jua majina ya zinazoingia mwilini

Ukimuuliza anayemuuguza mgonjwa wa saratani pale hospitali ya Mulago, Kampala, ni dawa gani anapewa, mara nyingi utajibiwa neno moja: kemo. Halitoshi. Kemo, yaani tiba ya kuua seli za saratani kwa dawa, ni dawa nyingi, na kila kundi lina namna yake ya kuua seli na madhara yake. Mwombe nesi akuandikie kwenye daftari jina, kipimo na tarehe ya kila dawa.

Kundi la kwanza huharibu DNA yenyewe, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Humo mna saiklofosfamaidi, dawa kubwa ya limfoma ya Burkitt, ile saratani ya taya za watoto ambayo Dkt. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Kampala. Mabaki yake huchoma kibofu, kwa hiyo mgonjwa anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara, hata usiku. Sisiplatini, inayotumika pamoja na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, huumiza figo na masikio. Ndiyo maana hutanguliwa na dripu ya maji ya chumvi, na kipimo cha figo hakirukwi hata foleni ya maabara ikiwa ndefu.

Methotreksati na 5-FU (fluorourasili) huizuia seli kutengeneza DNA mpya. Tarajia vidonda mdomoni na kuhara.

Doksorubisini ndiyo ile nyekundu. Mkojo ukiwa mwekundu siku ya kwanza au ya pili, ni rangi ya dawa. Wekundu ukija baadaye, au ukiambatana na maumivu au mabonge, hiyo ni damu: rudi hospitali. Dawa hii hudhoofisha moyo, na madhara yake hujumlika maishani. Kikomo cha kawaida ni miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili. Mgonjwa akihamia hospitali nyingine bila daftari, nani atajua amekwisha kupata kiasi gani? Ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama. Mkono ukiwasha au kuvimba, mwite nesi papo hapo afunge dripu, wala usiichomoe sindano mwenyewe, kwani kupitia hiyo hiyo atajaribu kuivuta dawa irudi.

Vinkristini na paklitakseli huzuia seli isigawanyike. Paklitakseli huweza kuleta mzio mkali, hivyo hutanguliwa na dawa za kuuzuia. Vinkristini hufunga choo na kutia ganzi vidoleni. Huingia kwenye mshipa tu. Ikidungwa uti wa mgongo huua. Mtoto mwenye Burkitt huweza kupewa vinkristini mshipani na methotreksati mgongoni katika matibabu yale yale, na hapo ndipo sindano hubadilishwa kimakosa. Shirika la Afya Duniani linashauri vinkristini itiwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, si bomba la sindano. Mzazi ana haki kabisa ya kuuliza: hii ni ipi, na inaingia wapi?

Nyingi ya dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Nunua themometa. Joto likifika 38, usimpe Panadol ukasubiri kukuche, wala usimpe mitishamba. Mpeleke usiku huo huo, na pale mapokezi sema kwanza kabisa kwamba yuko kwenye kemo, kisha ufungue daftari.