Uzito wa kreti

"Baba, wewe uliingia kazini kupitia nani?"

Binti yangu aliniuliza juzi usiku, daftari mbele yake, akiorodhesha watu wa kupigia simu. Amemaliza Chuo Kikuu cha Maseno, anatafuta kazi, na bahasha yake ya kaki imeshachakaa pembeni. Alitarajia nimtajie mkubwa fulani, mtu ambaye pengine bado ana ofisi. Nilipofungua mdomo, kilichonijia ni harufu ya mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki, ikikaangwa mtaani Obunga, Kisumu.

Mwaka 1998 nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha samaki, eneo la viwanda pale Kisumu. Minofu ya mbuta, yaani sangara, ilipangwa kwenye barafu ikaenda Ulaya. Vichwa, mikia na mifupa yenye nyama iliyoponyoka kisu viliuzwa langoni kwa kilo, na kina mama wa Obunga ndio waliovinunua wakaenda kukausha na kukaanga. Watu wengi wa mshahara mdogo mjini walimjua mbuta kwa mifupa yake tu.

Foleni ilianza kabla ya jua. Msimamizi alinifundisha kazi kwa dakika moja: kreti juu ya mizani, soma, andika, mwite anayefuata. Unaandika unachokisoma. Na nilichokisoma ni samaki pamoja na kreti. Wiki nzima niliandika hivyo, wala sikuwaza.

Ndipo asubuhi moja mama mmoja mpana wa mabega, leso kiunoni, alipofikiwa na zamu yake. Nilipima, nikaandika. Akamwaga mifupa ndani ya beseni lake, kisha akaichukua ile kreti tupu na kuirudisha juu ya mizani. Taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayetenga chakula. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia. Kilo mbili na nusu. Maji yenye damu yalidondoka kwenye matundu ya kreti yakaangukia viatu vyangu. Nyuma yake wanawake walioanza kuzozana waligundua kuna jambo, wakanyamaza mmoja mmoja, hata nikasikia mbawa za korongo waliokuwa wakigombea matumbo ya samaki nje ya ukuta. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mzazi anayengoja mtoto amalize hesabu.

"Karani, na hii nayo nitakaanga?"

Nilikuwa na miaka 22. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha baridi, na nilijua anaona. Kichwani hesabu ilikuwa inajipiga yenyewe: mama huyu huchukua kreti tatu kila siku. Hiyo ni kilo saba na nusu za plastiki. Kwa siku sita, kilo 45. Kilo 45 alizokuwa akilipia kila wiki na kwenda nyumbani bila kitu cha kutia kwenye karai.

Nikafuta nilichoandika. Mkono ulinitetemeka mpaka karatasi ikatoboka kidogo, bado nakumbuka tundu lile. Nikatoa kilo mbili na nusu, nikaandika upya. Aliyefuata nikamtolea, na aliyemfuata, hadi foleni ikaisha. Jioni msimamizi aliniita, tukajibizana, akasema nitajuta. Lakini kesho yake wanawake wote walirudisha kreti tupu juu ya mizani, na ikawa vigumu kuwarudisha nyuma.

Aprili 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga soko lao kwa samaki wa ziwa letu, Victoria, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Zamu zikapunguzwa, na sisi wa langoni tukawa wa kwanza kuachwa. Minofu isipokatwa, mifupa haipo, kwa hiyo kina mama nao wakakaa na karai kavu. Nilipiga lami nikitafuta kazi zaidi ya mwaka. Nikirudi kutoka mjini nilipitia Obunga, nikaketi kwenye benchi la mama yule, tukazungumza bei ya omena, wale dagaa, na ada za watoto wake. Sikwenda kutafuta kazi. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Nilikwenda kwa sababu kila aliponiona aliniuliza, "Nyathina, umekula?" Yaani mwanangu, kwa Kijaluo.

Mumewe alipofariki tulikwenda kumzika huko Seme. Niliwekwa kwenye meza ya michango, kwani kuandika tarakimu ndiyo kazi niliyoijua. Jioni nilisoma jumla mbele ya wazee, pesa zikahesabiwa, zikalingana na daftari hadi shilingi ya mwisho. Kaka wa mama yule alikuwa msimamizi wa stoo katika kampuni ya malori ya miwa upande wa Muhoroni. Akamuuliza dada yake mimi ni mtoto wa nani. Nilikuwa nyuma yao nakunja turubai, nikamsikia akijibu:

"Huyu ndiye aliyekuwa akitoa uzito wa kreti."

Hakuongeza neno. Baada ya wiki mbili niliitwa, nikapewa leja niifunge mbele yao, nikaanza kazi. Miaka yangu ya stoo sina haja ya kuisimulia hapa.

Ila siku ile ya kwanza nilipofika langoni niliwakuta vijana watatu na bahasha zao za kaki. Askari aliponifungulia, mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, umeingia kupitia nani?" Nikamwambia ukweli: kupitia mama anayekaanga mgongo wazi Obunga. Akarudi nyuma, uso umemshuka. Aliona nimemficha. Nafasi ile haikuwa imetangazwa popote, na huenda kijana yule alikuwa mkali wa hesabu kunishinda. Mara nyingi nimejiuliza kama nami sikuingia kwa kujuana, kama wale niliozoea kuwalaumu. Mama hakudanganya juu yangu. Lakini yule kijana hakuwa na mama wa kumsemea.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasoma orodha yake kwa sauti. Majina saba, wote wakubwa. Akainua kalamu akanitazama, akingoja nimwongezee la nane.